Namna ya Kupata Vibali vya Mradi wa Maji ya Kunywa Kijijini

Mtu anapouliza kibali cha kujenga mradi wa maji ya umma kinatolewa ofisi gani, jibu la kweli ni kwamba hakuna karatasi moja inayoitwa kibali cha mradi wa maji. Kuna ridhaa ya kijiji, kuna ardhi, kuna kibali cha kuchimba, kuna majibu ya maabara, kuna idhini ya michoro, kuna masuala ya mazingira na ya barabara, kuna kibali cha kutumia maji, na kuna usajili wa chombo kitakachouendesha mradi, na kila kimoja kati ya hivi kina mlango wake. Katika miaka niliyozisaidia kamati za maji kuandaa majalada yao, ni mara chache sana nimeona mradi ukikataliwa moja kwa moja. Nilichokiona mara nyingi ni mradi uliokwama kwa sababu hatua zilichukuliwa kinyume: rigi, yaani mtambo wa kuchimba, imeshafika kijijini, wananchi wamepiga vigelegele, maji yameruka juu, ndipo mtu anakumbuka kwamba shamba lile lina mgogoro au kwamba maji yale hayajapimwa.

Maelezo haya yanahusu Tanzania Bara, na mfano ninaoufuata ni wa kisima kirefu chenye pampu, tangi la kuhifadhia na mtandao wa mabomba unaofikisha maji kwenye vituo vya kuchotea, kwa kuwa huo ndio mradi unaojengwa sana vijijini. Mradi wa mserereko unaochukua maji ya chemchemi au mto hufuata mlolongo ule ule, isipokuwa mahali pa kisima panakuwa na kidakio, yaani ujenzi wa kukusanyia maji penye chanzo, na suala la hifadhi ya chanzo linakuwa kubwa zaidi. Kwa aliye Unguja au Pemba, mlango wa kwanza ni Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, na sheria zake ni nyingine.

Kabla ya jambo lolote, fahamu eneo lako liko chini ya nani

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019 ndiyo iliyounda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ambao ulianza kazi Julai mwaka huo na kuchukua majukumu yaliyokuwa kwa wahandisi wa maji wa halmashauri. Mijini huduma iko kwa mamlaka za maji. Mpaka kati ya pande hizi mbili hauonekani kwa macho, kwa sababu vijiji vingi vilivyo pembezoni mwa miji vimekwisha kuingizwa katika eneo la mamlaka ya mji, ingawa wakazi wake bado wanalima na kufuga kama zamani. Kwa hiyo barua ya kwanza kabisa, iliyosainiwa na mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, ipelekwe kwa meneja wa RUWASA wa wilaya, ikiuliza mambo mawili tu: je, kijiji chetu kiko katika eneo lenu, na je, kuna mradi wowote uliopangwa au kusanifiwa kwa ajili yetu?

Swali la pili lina thamani kuliko linavyoonekana. Imewahi kutokea kijiji kikahangaika mwaka mzima kutafuta mfadhili wa kisima, kumbe ofisini kulikuwa na usanifu wa mradi wa vijiji kadhaa unaopita palepale. Fedha ile ingeweza kujenga tangi au matawi ya bomba, na vibali vyote vingekuwa vya mradi mmoja. Barua hiyo iwe na nakala, nakala igongwe mhuri wa kupokelewa, na ihifadhiwe, kwa sababu jalada la mradi linaanza siku hiyo.

Hatua ya kwanza: muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji

Kila ofisi utakayofika baadaye itakuuliza kama wananchi wameridhia, na namna pekee ya kuthibitisha ni muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, yaani mkutano wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Uamuzi wa halmashauri ya kijiji peke yake hautoshi kwa jambo linalogusa ardhi na michango ya watu, ingawa ndiyo inayopaswa kuliandaa na kulipeleka mbele ya mkutano.

Muhtasari mzuri una tarehe, mahali, ajenda, majina na saini za waliohudhuria, hoja zilizotolewa pamoja na zile za wapinzani, na maazimio yaliyoandikwa kwa maneno yasiyo na utata. Azimio lisiseme tu kwamba “wananchi wamekubali mradi.” Liseme kwamba wameridhia kisima kichimbwe katika eneo fulani, bomba lipite katika vitongoji fulani, maji yalipiwe kwa bei itakayopangwa kwa utaratibu, na chombo cha watumia maji kiundwe. Hili la kulipia lisiogopwe. Mwaka 1971 Serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji, na kwa muda mrefu huduma hiyo ilitolewa bure. Wazee wengi bado wanaikumbuka hivyo na watasimama mkutanoni kusema hivyo. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka wazi kwamba watumiaji wa vijijini watagharimia uendeshaji na matengenezo. Ni heri mjadala huo ufanyike chini ya mwembe kabla ya kujenga kuliko kuja kufanyika kwenye kituo cha maji baada ya pampu kuungua.

Ninashauri pia akina mama wapewe nafasi ya kusema wazi ni wapi wanataka vituo. Sisemi hivi kwa ajili ya kupendezesha muhtasari. Wao ndio wanaojua njia gani inajaa tope masika, na ni kisima gani cha zamani kinageuka chumvi kiangazi, na taarifa hiyo itamsaidia mhandisi kuliko ramani.

Hatua ya pili: ardhi ya kisima, tangi na njia ya bomba

Hapa ndipo miradi mingi hupata donda linalochelewa kupona. Mahali panapofaa kwa maji mara nyingi ni shamba la mtu, na mtu huyo mara nyingi husema kwa moyo mweupe, “Chukueni, ni maji ya wote.” Maneno hayo ni ya heshima, lakini hayarithiwi. Katika kijiji kimoja nilikofanya kazi, mzee aliyetoa eneo la tangi alifariki kabla ya ujenzi kuisha, na wanawe wawili, mmoja akitokea mjini, walifunga lango kwa mnyororo wakidai fidia. Kijiji hakikuwa na karatasi hata moja, na tangi likakaa tupu kwa msimu mzima wa kiangazi.

Kwa sababu hiyo andaeni hati ya makubaliano inayotaja ukubwa wa eneo kwa hatua au mita, mipaka yake, kama limetolewa bure au kwa fidia, na kama fidia hiyo imelipwa. Mwenye shamba asaini, mwenzi wake asaini, watoto wakubwa wawe mashahidi, majirani wanaopakana nao waweke saini, na halmashauri ya kijiji ipokee eneo hilo rasmi katika kikao chake na kuigongea hati mhuri. Kama familia ina hati ya hakimiliki ya kimila, eneo lililotolewa lioneshwe katika kumbukumbu za ardhi za kijiji. Njia ya bomba nayo inahitaji ridhaa za kila mwenye shamba linalopitiwa, hata kama bomba litafukiwa na mahindi yataendelea kupandwa juu yake, kwani mtaro wa kulifukia utakata mazao ya msimu huo na siku bomba likipasuka fundi atahitaji kuingia bila kugombana na mtu.

Chagueni eneo la kisima mbali na vyoo, makaburi, mazizi na majosho, na upande wa juu wa mteremko kuliko vitu hivyo. Kwa chemchemi na mito, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60, na kama tayari kuna bustani za mboga ndani ya mita hizo, jambo hilo lizungumzwe katika mkutano mkuu, si kuachiwa mkaguzi aje kuligundua.

Hatua ya tatu: hesabu ya maji mnayoyaomba

Bodi ya bonde, yaani ofisi inayosimamia maji ya eneo lenu, haitoi kibali cha “maji ya kutosha.” Inatoa kibali cha kiasi, na ni nyinyi mnaotakiwa kukitaja. Sera ya mwaka 2002 ilitoa kipimo cha lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kimoja kwa watu 250, kisichozidi mita 400 kutoka kwenye makazi.

Tuchukue kijiji chenye watu 3,000. Kwa leo mahitaji ni lita 75,000 kwa siku na vituo 12. Lakini mradi hausanifiwi kwa ajili ya leo. Idadi ikiongezeka kwa asilimia 3 kila mwaka, baada ya miaka 20 watu watakuwa takriban 5,400, na mahitaji yao yatafika lita 135,000 kwa siku, kabla ya kuongeza shule, zahanati na mifugo. Ukikadiria kwamba moja ya tano ya maji yatapotea njiani kwa uvujaji, basi kisima kinapaswa kutoa karibu lita 169,000 kwa siku. Pampu inayofanya kazi saa 10 kwa siku italazimika kuvuta meta za ujazo 17, yaani karibu lita 17,000, kwa saa. Sasa angalia: ukiamua kutumia umeme wa jua, ambao hutoa saa kama sita hivi za nguvu ya kutosha, kiasi kile kile kinageuka kuwa meta za ujazo 28 kwa saa, na huenda kisima kisimudu. Nimeona watu wakinunua paneli kwanza na kugundua hesabu hii baadaye.

Hatua ya nne: utafiti wa maji chini ya ardhi na kibali cha kuchimba

Maji yote nchini, ya juu na ya chini ya ardhi, ni mali ya umma, na usimamizi wake uko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009. Nchi imegawanywa katika mabonde tisa, na kila bonde lina bodi yake: Pangani yenye makao Moshi, Wami/Ruvu iliyoko Morogoro, Rufiji iliyoko Iringa, Ruvuma na Pwani ya Kusini iliyoko Mtwara, Ziwa Nyasa iliyoko Tukuyu, Bonde la Kati iliyoko Singida, Ziwa Rukwa iliyoko Mbeya, Ziwa Tanganyika iliyoko Kigoma na Ziwa Victoria iliyoko Mwanza. Mipaka ya mabonde inafuata mwelekeo wa maji, wala haifuati mikoa, kwa hiyo wilaya mbili za mkoa mmoja zinaweza kuwa chini ya bodi tofauti. Bodi hizi zina ofisi ndogo pia, na ofisi ya RUWASA itakuelekeza iliyo karibu.

Bodi itataka kuona ripoti ya utafiti iliyoandaliwa na mtaalamu wa maji chini ya ardhi mwenye leseni. Mtaalamu huyo hupitisha umeme ardhini kwa vyuma vilivyochomekwa katika mstari, akasoma ukinzani wa tabaka za miamba, akapendekeza sehemu mbili au tatu na kina cha kuchimba. Msikubali ripoti yenye sehemu moja tu. Sehemu ya kwanza ikitoka kavu, mtalazimika kulipia utafiti upya, ilhali ya pili ingekuwamo katika ripoti na katika ombi lenu. Ombi la kibali cha kuchimba huambatanishwa na ripoti hiyo, muhtasari wa mkutano, uthibitisho wa ardhi, na jina la kampuni itakayochimba.

Kampuni ya kuchimba nayo iwe na leseni ya uchimbaji inayotolewa na Wizara ya Maji, na ombeni kuiona leseni yenyewe pamoja na tarehe ya kuisha kwake. Mchimbaji asiye na leseni atawapunguzia bei, kisha kisima chake hakitaingia katika kumbukumbu za bonde, na kisima kisichomo katika kumbukumbu hakipati kibali cha kutumia maji.

Hatua ya tano: kuchimba, kupima wingi na kupima ubora

Wakati wa kuchimba, mtu mmoja wa kamati akae na daftari. Kila baada ya mita kadhaa mchimbaji hutoa sampuli ya udongo au mwamba na kuzipanga chini kwa mafungu. Andika kina na rangi ya kila fungu, kina ambacho maji yalionekana kwa mara ya kwanza, na idadi ya mabomba ya kesingi, yaani yale yanayozuia kuta za kisima zisibomoke, yaliyoshushwa, ukitofautisha yenye matundu na yasiyo na matundu. Hakikisha kwamba sehemu ya juu ya kisima imezibwa kwa saruji kuzunguka kesingi, kwa sababu pasipo saruji hiyo maji ya mvua na ya chooni hushuka pembeni mwa bomba hadi kwenye maji mtakayokunywa. Mchimbaji anapaswa kuandaa ripoti ya ukamilishaji wa kisima na kuiwasilisha kwa bodi ya bonde. Sehemu ya mwisho ya malipo yake isitoke mpaka ripoti hiyo iwe mkononi.

Kisha hufuata upimaji wa wingi, ambao mafundi huuita pampu testi. Pampu huvuta kwanza kwa viwango vinavyopanda hatua kwa hatua, halafu kwa kiwango kimoja mfululizo, mara nyingi saa 24, huku kina cha maji kikipimwa. Baada ya kuzima, hupimwa tena jinsi maji yanavyorudi. Wapo wanaovuta saa tatu na kuandika namba nzuri. Kisima kinachotoa sana kwa saa tatu kinaweza kuwa kimekunywa akiba iliyokuwa ndani ya nyufa za mwamba tu, na usiku wa manane kingeonesha sura yake halisi. Ndiyo maana daftari la kamati linapaswa kuwa na saa ya kuwasha na saa ya kuzima.

Ubora wa maji ndio unaoamua kama yote yaliyotangulia yana maana. Kiwango cha taifa cha maji ya kunywa, TZS 789, hakiruhusu kidudu cha E. coli katika mililita 100 za maji, na katika toleo la mwaka 2018 madini ya floraidi hayapaswi kuzidi miligramu 1.5 kwa lita. Zamani nchi yetu iliruhusu hadi miligramu 4, na hivyo mtu anayekuonesha majibu ya maabara ya miaka mingi iliyopita yaliyoandikwa “yanafaa” anaweza kuwa anakuonesha maji ambayo leo hayafai. Wakazi wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga hawahitaji kuelezwa: floraidi huonekana katika meno ya rangi ya kahawia na, inapozidi sana, katika miguu ya watoto iliyopinda. Haionekani wala haionjwi katika kikombe, na kuchemsha hakuiondoi, bali huizidisha kidogo kwa kuwa maji yanapungua na madini yanabaki. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, wilayani Arumeru, kimeshughulikia kwa miaka mingi uchujaji wa floraidi kwa mkaa wa mifupa, lakini uchujaji wa aina hiyo kwa kijiji kizima ni mzigo wa kila siku, na ushauri wangu ni kutafuta kisima kingine au kuchanganya na chanzo chenye floraidi kidogo kabla ya kufikiria kuchuja. Kanda ya Ziwa, hasa karibu na migodi ya dhahabu, ombeni maabara ipime pia sumu ya aseniki. Pwani, ombeni chumvi. Penye mashamba makubwa au vyoo vingi, naitreti.

Sampuli ya kemikali ichukuliwe mwishoni mwa pampu testi, maji yakiwa yametoka kwenye mwamba na siyo yale yaliyolala kwenye bomba. Sampuli ya vijidudu inadai uangalifu zaidi, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu nimewahi kupoteza moja kwa uzembe wa dakika moja. Chupa hutolewa na maabara ikiwa imeshatakaswa, na haioshwi. Siku hiyo kijana mmoja mwenye nia njema aliichukua chupa kutoka mkononi mwangu, akaisuuza mara mbili kwa maji ya ndoo, akanirudishia iking’aa. Ilibidi turudi kilomita zetu zote kufuata nyingine. Utaratibu ni huu: nawa mikono, pangusa mdomo wa bomba kwa spiriti na uupitishe moto kama ni wa chuma, fungua maji yatiririke dakika mbili au tatu, shika chupa kwa chini, fungua kifuniko bila kukiweka chini wala kugusa ndani yake, jaza ukiacha nafasi ndogo ya hewa, funga, andika mahali, tarehe na saa, weka ndani ya boksi lenye barafu. Ifike maabara ikiwezekana ndani ya saa sita, na isizidi saa 24. Maabara za ubora wa maji za Wizara ziko katika miji mikubwa ya mikoa, hivyo pangeni usafiri kabla ya kufungua chupa, na epukeni Ijumaa jioni.

Hatua ya sita: usanifu na idhini yake

Mkiwa na wingi na ubora wa maji mkononi, mhandisi anaweza kusanifu kwa uhakika. Usanifu hufuata mwongozo wa Wizara ya Maji, toleo la nne la mwaka 2020, na michoro isainiwe na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Hata kama mfadhili amekuja na mhandisi wake kutoka nje, michoro ipite RUWASA kwa mapitio na idhini, kwani wakala ndio utakaoulizwa mradi ukifa. Mkandarasi naye awe na usajili wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi katika daraja linalolingana na gharama ya kazi.

Someni gharama za uendeshaji kama mnavyosoma gharama za ujenzi. Mradi wa dizeli wenye michoro mizuri unaweza kuwa na ndoo ya maji ambayo hakuna atakayeinunua.

Hatua ya saba: mazingira, barabara na hifadhi

Mradi husajiliwa kwa mamlaka ya mazingira, ile ambayo wengi wetu tumeizoea kwa jina la NEMC, kupitia mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa. Kwa kanuni zilizorekebishwa mwaka 2018, miradi hupangwa katika madaraja kulingana na ukubwa wa athari zake, na mradi wa kijiji kimoja kwa kawaida hauwekwi katika kundi la miradi mizito inayodai tathmini kamili. Lakini ni mamlaka inayoamua daraja hilo, wala si fundi wenu. Bwawa, kidakio cha mtoni au bomba linalokatiza ardhi oevu hubadilisha hesabu.

Bomba likivuka barabara kuu au ya mkoa, waandikieni TANROADS, wakala wa barabara hizo. Likivuka barabara ya wilaya au ya kijiji, waandikieni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Ombi liwe na mchoro unaoonesha sehemu ya kuvuka, kina, na bomba la chuma litakalolinda bomba la maji. Kulaza bomba kandokando ndani ya hifadhi ya barabara kwa sababu mtaro unachimbika kirahisi ni kishawishi kikubwa, na siku greda litakapopita hamtakuwa na pa kulalamikia. Msitu wa hifadhi wa taifa unahitaji idhini ya TFS, wakala wa huduma za misitu, na reli ina wenyewe.

Hatua ya nane: kibali cha kutumia maji

Watu wengi hudhani kibali cha kuchimba kinatosha. Hakitoshi. Kile kinaruhusu kutoboa ardhi. Hiki kinaruhusu kuvuta kiasi fulani cha maji, kutoka chanzo fulani, kwa matumizi fulani. Kisima kifupi cha nyumbani kilichochimbwa kwa mikono ni jambo jingine, lakini mradi wa umma wenye pampu lazima uwe na kibali hiki, na mwombaji awe ni chombo kitakachoendesha mradi au taasisi inayoumiliki, isiwe jina la mwenyekiti wa kamati.

Ombi hupelekwa kwa bodi ya bonde pamoja na ripoti ya kisima, matokeo ya pampu testi, majibu ya maabara, hesabu ya mahitaji na ramani yenye vipimo vya mahali. Bodi hulitangaza ombi ili mwenye pingamizi alitoe, na wataalamu wake hukagua kama uvutaji wenu utaathiri visima vya jirani au mtiririko wa mto. Ndiyo maana ni busara kuwaandikia mapema majirani wenye visima, hasa wakulima wa umwagiliaji, kabla hawajasoma tangazo ubaoni na kudhani mnawaibia maji. Kiasi mtakachopewa kinaweza kuwa chini ya mlichoomba, kwani si vyema kisima kivutwe hadi ukomo wa kile kilichoonekana kwenye majaribio. Kibali kikitoka, kisomeni masharti yake yote: mara nyingi kuna sharti la kufunga dira, yaani mita ya maji, kwenye kisima, kutunza kumbukumbu za uvutaji, na kulipa ada ya mwaka. Ada isipolipwa deni hukua kimyakimya, na kamati mpya hurithi barua ya madai isiyoielewa.

Hatua ya tisa: kusajili chombo cha watoa huduma

Sheria ya 2019 inataka mradi wa kijijini uendeshwe na Chombo cha Watoa Huduma ya Maji Ngazi ya Jamii, kinachojulikana kwa kifupi kama CBWSO, ambacho kilichukua nafasi ya vyombo vya aina ya zamani vilivyoitwa COWSO. Usajili unasimamiwa na RUWASA, na hudai katiba ya chombo, orodha ya viongozi waliochaguliwa, na muhtasari wa kuchaguliwa kwao. RUWASA hupendelea chombo kimoja kihudumie vijiji kadhaa, ili kipato kitoshe kumlipa fundi na mhasibu wenye ujuzi, kwa hiyo huenda mkaelekezwa kujiunga na kilichopo badala ya kuanzisha chenu. Wanakijiji mara nyingi hukasirika wakisikia hivyo. Mimi nimekuja kuona kwamba wakala una hoja: fundi wa kujitolea hupatikana siku ya uzinduzi, na siku pampu inapozama kisimani amesafiri.

Fanyeni usajili huu ujenzi ukiendelea, msisubiri uishe. Fundi atakayeendesha mradi anapaswa kuwapo mabomba yanapofukiwa, ajue kila valvu iko wapi.

Hatua ya kumi: kukabidhi na kufungua maji

Kabla ya vituo kufunguliwa, mtandao wote hujaribiwa kwa msukumo wa maji, kisha tangi na mabomba husafishwa na kutiwa klorini, huachwa na dawa hiyo kwa saa zilizoelekezwa na fundi, na humwagwa. Ndipo sampuli nyingine ya vijidudu huchukuliwa, safari hii katika kituo kilicho mbali zaidi na tangi, na kwa sababu maji yana klorini, mwambieni mtu wa maabara ili awape chupa yenye dawa ya kuizima. Majibu ya kisima ya miezi iliyopita hayawezi kutumika hapa, kwa kuwa uchafu wa mtandao huingia wakati wa ujenzi.

Pangeni tarehe ya uzinduzi baada ya majibu hayo, hata kama mgeni rasmi ana nafasi wiki hii tu. Na siku ya makabidhiano, chombo kidai kutoka kwa mkandarasi michoro ya jinsi mradi ulivyojengwa hasa, ikionesha mabomba yalikopita kweli na siyo yalikokusudiwa kupita. Nakala moja ya jalada lote ikae ofisi ya kijiji, nyingine kwa chombo, nyingine RUWASA, na ukutani mwa ofisi ya chombo ibandikwe karatasi moja yenye namba ya kibali cha kutumia maji, kiasi kilichoruhusiwa, tarehe ya kulipia ada ya bonde, na tarehe ya kuchukua sampuli inayofuata.